Ruta Mbili, Mgawaji Mmoja: Uchambuzi wa Kisa cha Ruta ya Nyumbani Iliyogeuzwa Kituo cha Wi-Fi

Kisa hiki kinahusu nyumba moja ndefu yenye kuta nene, ruta mbili, na kebo moja iliyopitishwa juu ya dari. Mwenye nyumba alikuwa amehamishia kazi zake kwenye chumba cha nyuma, ambako mawimbi ya Wi-Fi kutoka sebuleni yalifika yakiwa hoi: simu iliyopima nguvu ya mawimbi hapo ilionyesha kati ya dBm -80 na -84, ilhali kwa mazungumzo ya video mimi hupendelea kuona -67 au namba iliyo karibu zaidi na sifuri. Kabatini kulikuwa na ruta ya zamani iliyoachwa pale mtoa huduma alipoleta mpya, nayo ilikuwa nzima kabisa. Wazo la kuiweka chumba cha nyuma na kuiunganisha na ruta kuu kwa kebo lilikuwa zuri, na bado naliona zuri kuliko kununua kifaa cha kurudufu mawimbi, kwa kuwa kifaa cha namna hiyo kikiwa na redio moja hupokea na kutuma kwa zamu kwenye chaneli ileile, na kasi hupungua takriban kwa nusu. Utekelezaji wa wazo hilo ndio uliozaa wiki tatu za malalamiko, na nilipoitwa nilikuta watu wa nyumba hiyo wameshakata shauri kwamba mwenye makosa ni mtoa huduma.

Kisa kinafaa kuelezwa kwa ukamilifu kwa sababu kilipitia makosa mawili yanayofanywa mara nyingi katika kazi hii, moja baada ya jingine, na la pili lilileta madhara makubwa kuliko la kwanza ingawa lilikuwa karibu zaidi na usahihi.

Kasha moja, kazi nyingi

Chombo tunachokiita ruta ya nyumbani kimebeba kazi kadhaa ambazo katika mitandao ya ofisi kubwa hufanywa na vyombo tofauti. Kinapitisha data kati ya mtandao wa ndani na ule wa nje; kinabadilisha anwani za ndani ziwe anwani moja ya nje, kazi inayojulikana kwa kifupi NAT; kinagawa anwani kwa kila kifaa kinachojiunga, yaani huduma ya DHCP; kinazuia maombi ya nje ambayo hayakuitwa na mtu wa ndani; kina swichi ndogo, mara nyingi ya matundu manne yaliyoandikwa LAN, yaani mtandao wa ndani; na mwisho kabisa kina redio ya Wi-Fi. Kituo cha Wi-Fi kinahitaji mbili tu kati ya hizo, swichi na redio. Nyingine zote tayari zinafanywa na ruta kuu, na kuziacha ziendelee kufanywa na chombo cha pili ni kuweka mafahali wawili katika zizi moja.

Kwa hiyo kazi ya kuigeuza ruta kuwa kituo ni kazi ya kuondoa. Hakuna kinachoongezwa. Nilimweleza mwenye nyumba hivyo mwanzoni kabisa, kwa sababu yeye alikuwa akitafuta katika menyu kitu cha kuwasha, na kila alichowasha kiliongeza tatizo.

Jaribio la kwanza: kebo kwenye tundu la WAN

Ruta ya zamani ina matundu matano nyuma: manne ya rangi moja na la tano la rangi tofauti, lililoandikwa WAN, yaani upande wa mtandao wa nje. Kwa kuwa tundu hilo ndilo lililokuwa likipokea intaneti siku zote, mwenye nyumba alichomeka humo kebo iliyotoka kwenye ruta kuu. Intaneti ilipatikana chumba cha nyuma papo hapo, kasi ikapanda, naye akaridhika kwa siku nne hivi.

Kilichotokea ndani ni kwamba palizaliwa mtandao wa pili nyuma ya wa kwanza. Ruta kuu ilikuwa na anwani 192.168.1.1 na ikaipa ruta ya zamani 192.168.1.23 kwenye upande wake wa WAN. Ruta ya zamani nayo ikabaki na anwani yake ya kiwandani, 192.168.0.1, ikaendelea kugawa anwani zinazoanza na 192.168.0 kwa vifaa vya chumba cha nyuma. Data ya kompyuta ya ofisini, yaani chumba hicho cha nyuma, ikawa inabadilishwa anwani mara mbili kabla ya kufika nje. Hapo palikuwa na bahati kidogo. Hati ya mwaka 1996 iliyotenga anwani za mitandao ya ndani, RFC 1918, inaruhusu mafungu matatu tu, na watengenezaji wengi wa ruta za nyumbani huchagua lile la 192.168; kama ruta mbili zenye namba zilezile zingekutana hivi, ya pili isingeweza kutofautisha mbele na nyuma, na intaneti isingepatikana kabisa, isipokuwa kwa zile ruta zinazogundua mgongano na kujibadilisha zenyewe.

Dalili zilianza na printa. Ilikuwa sebuleni, imeunganishwa na ruta kuu, na kompyuta ya ofisini haikuiona tena. Runinga ya sebuleni nayo haikuonekana kwenye simu iliyokuwa chumba cha nyuma. Mazungumzo ya sauti yalikatika kila mtu alipotembea kutoka sebuleni kwenda ofisini, kwa sababu simu ilihama kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, ikapewa anwani mpya, na muunganisho uliofungwa kwenye anwani ya zamani ukafa.

Jambo lililowachanganya zaidi ni kwamba printa ilikuwa haionekani lakini inafikika. Mtoto mkubwa wa nyumba hiyo, mwenye udadisi, aliandika anwani ya printa kwa namba kwenye kivinjari cha kompyuta ya ofisini na ukurasa wa printa ukafunguka. Akafikiri kompyuta ina hitilafu. Haikuwa nayo. Kompyuta hutafuta printa kwa kutangaza swali kwa vifaa vyote vilivyo kwenye mtandao wake, kupitia anwani ya pamoja 224.0.0.251, na tangazo la namna hiyo halivuki ruta. Lakini ombi lililoelekezwa kwa namba mahususi hutoka kupitia WAN ya ruta ya zamani kama linavyotoka ombi lolote la kwenda nje. Kinyume chake hakiwezekani: kifaa cha sebuleni hakiwezi kuifikia kompyuta ya ofisini hata kwa namba, maana ruta ya zamani inaliona ombi hilo kuwa la mgeni na kulitupa. Ni mlango unaofunguka upande mmoja.

Nitoe angalizo hapa, kwa sababu nimewahi kusikia mpangilio huu ukipendekezwa kwa ajili ya kuwatenga wageni. Anayewekwa nyuma ya ruta ya pili ndiye anayelindwa, wala si walio mbele yake. Mgeni aliyeunganishwa na ruta ya nyuma anaweza kuzifikia printa, kamera na kompyuta za mbele kwa namba, na mwenye nyumba hawezi kumfikia yeye.

Jaribio la pili: tundu sahihi, mgawaji wa ziada

Rafiki mmoja wa familia alishauri kwa simu kwamba kebo itolewe WAN na ichomekwe kwenye mojawapo ya matundu ya LAN. Ushauri huo ulikuwa sahihi, ila ulikuwa nusu. Kebo ilihamishwa jioni, na usiku huohuo nyumba nzima ikaanza kusumbuka, pamoja na sebule ambayo hadi hapo haikuwa na tatizo lolote.

Kuanzia hapo hitilafu haikuwa na mpangilio wowote unaoonekana. Simu moja ilipata intaneti na nyingine iliyo kando yake haikupata, ingawa zote mbili zilionyesha mawimbi kamili. Kompyuta iliyofanya kazi vizuri mchana ilikataa asubuhi yake. Printa ilirudi kwenye orodha, jina lake likaonekana vizuri, lakini kazi zilizotumwa zilikaa kwenye foleni bila kuchapwa. Kila hali ilipozidi, mwenye nyumba aliizima ruta kuu na kuiwasha tena kama alivyoshauriwa na huduma kwa wateja, na mara nyingi baada ya kufanya hivyo vifaa vilivyokosa intaneti viliongezeka.

Nilipofika sikugusa ruta yoyote kwa kama nusu saa. Niliomba simu mbili, moja iliyokuwa na intaneti na moja isiyokuwa nayo, nikafungua maelezo ya mtandao kwenye kila moja. Ya kwanza ilikuwa na anwani 192.168.1.41 na lango 192.168.1.1. Ya pili ilikuwa na 192.168.0.104 na lango 192.168.0.1. Hayo yalitosha: ndani ya nyumba moja walikuwamo wagawaji wawili wa anwani, na kila mmoja alikuwa akieleza njia tofauti ya kutokea nje.

Kifaa kinapojiunga na mtandao hakijui seva ya DHCP iko wapi, kwa hiyo hupaza swali kwa wote. Seva iliyosikia hujibu kwa kutoa ofa, kifaa huomba kupewa kilichoahidiwa, na seva huthibitisha. Utaratibu huu, uliowekwa katika RFC 2131 ya mwaka 1997, unakiachia kifaa uhuru wa kuchagua kati ya ofa, na kwa kawaida vifaa hukubali ile ya kwanza kufika. Kebo ilipokuwa kwenye WAN, ruta ya zamani haikuweza kusikia maswali ya sebuleni. Ilipohamishiwa LAN, matundu na redio za ruta zote mbili zikawa mtandao mmoja, na kila swali la kila kifaa likasikika na wagawaji wote wawili. Aliyewahi ndiye aliyepokewa. Aliyepokea kutoka ruta ya zamani aliambiwa lango ni 192.168.0.1, yaani ruta ambayo tundu lake la WAN lilikuwa tupu, isiyo na mahali pa kupeleka chochote.

Kwa maelezo hayo kila dalili inapata mahali pake. Kifaa kilichopata anwani mbaya hubaki nayo kwa sababu muda wa kukopeshwa anwani ulikuwa saa 24, na kifaa hujaribu kuuongeza muda huo nusu yake inapofika, kwa kurudi kwa seva ileile iliyokikopesha. Ndiyo maana tatizo lilionekana kung'ang'ania kifaa fulani kwa siku nzima na kisha kuhama. Kuizima ruta kuu kulizidisha tatizo kwa sababu vifaa vyote viliachwa bila mtandao kwa pamoja, vikarudi kuuliza kwa pamoja, na wakati ruta kuu ikiwa bado inajikusanya, ruta ya zamani ilikuwa macho na tayari kujibu. Printa nayo ilikuwa imepewa anwani ya 192.168.0: tangazo la jina lake sasa lilisafiri nyumba nzima kwa kuwa mtandao ni mmoja, lakini kompyuta yenye anwani ya 192.168.1 ilipotaka kuitumia, ilipeleka data kwa lango la ruta kuu, ambayo haikuijua njia ya kufika huko. Katika jaribio la kwanza printa ilifikika bila kuonekana. Katika la pili ilionekana bila kufikika. Nakiri kwamba mgeuko huo ulinifurahisha, ingawa haikuwa adabu kuonyesha furaha mbele ya watu waliochoka.

Marekebisho

Hatua ya kwanza ilikuwa kuichomoa ruta ya zamani kutoka kwenye mtandao wa nyumba. Hili nalisisitiza kuliko yote mengine, kwa sababu wengi hujaribu kuibadilisha ikiwa bado imeunganishwa, na katikati ya mabadiliko hujikuta wamefungua ukurasa wa ruta isiyo yenyewe, au kompyuta yao imepewa anwani na ruta nyingine kuliko ile wanayoishughulikia. Niliirudisha kwenye hali ya kiwandani kwa kubonyeza kitufe kilichozama, nikaiunganisha na kompyuta yangu kwa kebo fupi kwenye tundu la LAN, peke yake.

Niliangalia kwanza kama menyu yake ina hali ya AP, yaani ya kuwa kituo cha Wi-Fi tu. Ruta nyingi za miaka ya karibuni zinayo, na ikiwepo, itumike: kwa kuchagua hali hiyo ruta huzima DHCP na NAT yenyewe, huliunganisha tundu la WAN na yale ya LAN, na mara nyingi huomba anwani yake kutoka ruta kuu kama kifaa kingine chochote. Usumbufu wake ni mmoja, kwamba baada ya hapo anwani ya kuifungua huwa imebadilika na inabidi kuitafuta kwenye orodha ya vifaa ya ruta kuu. Hii ya zamani haikuwa na hali hiyo, kwa hiyo kazi ilifanywa kwa mkono.

Kabla ya kubadilisha anwani yake nilipitia ruta kuu na kukuta kwamba ilikuwa inagawa kuanzia 192.168.1.2 hadi 192.168.1.254, yaani hapakuwa na nafasi hata moja iliyoachwa wazi. Kuipa ruta ya zamani namba yoyote katika fungu hilo kungekuwa kutega bomu la siku za mbele, pale ruta kuu itakapoamua kumpa mtu mwingine namba ileile. Nikalifupisha fungu lianze 192.168.1.20, na namba za chini yake zikawa huru kwa vifaa visivyohama.

Ndipo nikarudi kwenye ruta ya zamani. Niliweka nywila mpya ya kuingilia, kisha jina na nywila ya Wi-Fi, kisha nikabadilisha anwani yake ya LAN kuwa 192.168.1.2. Muunganisho ulikatika kama ilivyotarajiwa, nikaingia upya kwa anwani hiyo mpya, na mwisho nikazima DHCP. Mpangilio huu una sababu yake: ukizima DHCP kabla ya kumaliza mengine, kompyuta yako inapoteza mtu wa kuipa anwani na unafungiwa nje ya chombo unachokitengeneza. Hata mimi nilinaswa kidogo, kwani nilitaka kuhakikisha mabadiliko yamehifadhiwa, ruta ikawa imejiwasha upya, na kompyuta yangu ikajipa anwani ya 169.254, ile ambayo kifaa hujitungia kinapokosa seva. Kwa dakika moja nilidhani nimeiharibu. Niliiandikia kompyuta anwani 192.168.1.50 kwa mkono, ukurasa ukafunguka, na DHCP ilikuwa imezimwa kweli.

Mwenye nyumba aliuliza kwa nini sikuzima NAT na kinga, kwa kuwa nilikuwa nimesema hazihitajiki. Hazihitaji kuguswa. Data inayoingia kwa tundu la LAN na kutokea kwa redio, au kinyume chake, hupita kwenye swichi ya ndani bila kufika sehemu inayobadilisha anwani au kukagua maombi. Sehemu hizo zipo kati ya LAN na WAN, na WAN sasa haina kazi. Kwa sababu hiyohiyo, vizuizi vya muda wa watoto au vya tovuti vilivyowahi kuwekwa kwenye ruta ya zamani havina nguvu tena, na vinapaswa kuwekwa kwenye ruta kuu. Nilichokizima zaidi ya DHCP ni huduma ya IPv6, yaani mfumo mpya zaidi wa anwani za intaneti, kwa kuwa ruta ya pili inayojitangaza kuwa lango la IPv6 inaweza kurudisha ugonjwa uleule kwa mlango mwingine, pamoja na WPS, njia ya mkato ya kuunganisha kifaa na Wi-Fi kwa kitufe au namba ya siri. Hiyo ya mwisho inastahili kuzimwa kila mahali: tangu mwaka 2011 inajulikana kwamba namba yake ya siri ya tarakimu nane hukaguliwa kwa vipande viwili na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na nyingine, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuzimaliza namba zote.

Lango na seva ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba) za ruta ya zamani niliziandika kuwa 192.168.1.1, ili yenyewe iweze kusahihisha saa yake. Vifaa vinavyopita kwake havihitaji mpangilio huo, kwa kuwa hupewa maelezo yote na ruta kuu.

Sasa kebo ya dari ikachomekwa kwenye tundu la LAN. Niliziba tundu la WAN kwa kipande cha utepe, nikaondoa pia kebo fupi iliyokuwa ikining'inia kutoka tundu jingine, maana mtu akiichomeka ncha zote mbili kwenye ruta hiyohiyo, au akaweka kebo ya pili kati ya ruta hizo, matangazo yatazunguka bila kikomo na mtandao wote utaganda. Ruta nyingi za nyumbani hazina ulinzi dhidi ya mzunguko huo. Vifaa vyote vikatolewa kwenye mtandao na kurudishwa. Kila kimoja kilipata anwani ya 192.168.1, na printa ikachapa kazi kumi na moja zilizokuwa kwenye foleni.

Ombi moja nililikataa. Mwenye nyumba alitaka mtandao wa wageni uwashwe pia kwenye ruta ya nyuma. Kwenye ruta kuu, mgeni hutengwa na ruta yenyewe kabla data yake haijafika kwa vifaa vya ndani. Kwenye chombo ambacho kimepokonywa kazi ya uruta, mara nyingi utengaji huo haupo tena, na mgeni angejikuta ndani ya mtandao wa familia chini ya jina linaloahidi kinyume. Wageni wakabaki na mtandao wa sebuleni.

Megabiti 94

Kipimo cha kasi chumba cha nyuma kilionyesha Mbps 94, ilhali sebuleni ilikuwa karibu 300. Mwenye nyumba aliridhika nayo. Mimi sikuridhika, kwa sababu 94 ni namba inayojieleza: ndiyo kasi halisi inayobaki kwenye kiungo cha Mbps 100 baada ya kutoa vichwa vya pakiti, yaani maelezo ya ziada yanayosafiri na kila kipande cha data. Kama kikwazo kingekuwa mawimbi, kipimo kingepanda na kushuka. Hiki kilirudi palepale kila mara.

Ruta nyingi za zamani zina matundu ya Mbps 100 tu, hata zile zenye redio za kasi kubwa zaidi ya hapo, na kama hii ingekuwa mojawapo habari ingeishia hapo. Matundu yake yalikuwa ya Mbps 1,000. Kebo ilikuwa ya mita 25 hivi, mbali sana na kikomo cha mita 100. Nikaangalia vichwa vya kebo. Kiungo cha Mbps 100 hutumia jozi mbili za nyuzi, kwenye pini 1, 2, 3 na 6. Cha Mbps 1,000 huhitaji jozi zote nne. Kwenye kichwa cha upande wa ofisini, uzi wa buluu unaopaswa kufika pini ya 4 ulikuwa mfupi kuliko wenzake na haukugusa. Vifaa vingi vikikuta jozi imekatika hushuka kimyakimya hadi kasi ya chini bila kumwonya mtu. Nilikata kichwa hicho, nikapanga nyuzi upya na kubana kipya, na kipimo kilichofuata kwa kebo kikalingana na cha sebuleni.

Jina moja, chaneli tofauti

Kwa siku mbili za mwanzo niliacha Wi-Fi ya nyuma iwe na jina lake tofauti, ili mtu yeyote akilalamika tujue yuko upande upi. Baada ya hapo niliipa jina, nywila na aina ya usalama, WPA2, sawasawa na za ruta kuu, ili simu zihame zenyewe bila kuulizwa. Chaneli nilizitofautisha: kwenye masafa ya GHz 2.4 sebule ilibaki kwenye 1 na ofisi kwenye 11, kila moja kwa upana wa MHz 20, na kwenye GHz 5 sebule ikawa 36 na ofisi 149, ambayo ilikuwa inaruhusiwa hapo. Jina huwa sawa, chaneli huwa tofauti. Wanaofanya kinyume hupata vituo viwili vinavyosubiriana kuzungumza.

Hata hivyo simu moja iliendelea kuing'ang'ania ruta ya sebuleni ikiwa imewekwa hatua tatu kutoka ile ya ofisini. Uamuzi wa kuhama ni wa kifaa, si wa kituo, na ruta hii ya zamani haina viwango vya 802.11k wala 802.11v vinavyoiwezesha kushauri. Nilipunguza nguvu ya kutuma ya ruta kuu kwenye GHz 2.4 hadi kiwango cha kati, na simu ikaanza kuachia mapema. Watu huona ajabu kwamba Wi-Fi inaboreshwa kwa kupunguzwa nguvu, lakini kilichopunguzwa ni ule mkono mrefu wa ruta kuu uliokuwa ukizuia simu isihame.

Wiki mbili baadaye nilipita tena. Mazungumzo ya sauti yalikuwa yanavuka ukumbi bila kukatika, mara chache yakimeza neno moja, nami sikuona sababu ya kulifukuzia neno hilo. Orodha ya ruta kuu ilikuwa na vifaa kumi na saba, vyote katika fungu moja. Juu ya ruta ya zamani niliacha karatasi ndogo iliyobandikwa: anwani 192.168.1.2, tundu la WAN lisitumike, na ikiwa mtu atabonyeza kitufe cha kuirudisha kiwandani, aichomoe kebo ya dari kwanza, kwa kuwa DHCP itakuwa imeamka.